Tunapomcheka Msukule

Msukule wa kwenye filamu zetu za bei nafuu huwa anavaa saa. Si kila mara, lakini ukitazama filamu nyingi utamkuta. Ametoka kaburini usiku wa manane, amepakwa unga wa sembe uso mzima, mikono ameinyoosha mbele kama anayetafuta swichi ya taa gizani, na mkononi saa inang'aa. Kama si saa, basi ni kandambili mpya ambazo karatasi ya bei haijabanduliwa. Au kuku anakatiza nyuma yake, na kivuli cha kuku kinaonyesha kuwa ni saa nane mchana. Watu huangua kicheko. Watu hao hao, ukiwauliza nje kama misukule ipo kweli, wengi hutazama kushoto na kulia kabla ya kukujibu.

Swali langu ni hili: tunapomcheka msukule, tunafanya jambo jema au baya? Najua linaweza kuonekana swali la mtu asiye na kazi. Filamu ni filamu, cheka uende zako. Ningekubali kama msukule angekuwa kama zimwi la hadithi za bibi, lenye kukaa porini lisikomjua mtu. Lakini kwetu msukule ni tuhuma. Palipo na msukule lazima pawe na aliyemfuga, na huyo mfugaji ana jina, ana nyumba, ana majirani. Mara nyingi ni mzee, na mara nyingi zaidi ni mwanamke. Kwa hiyo kicheko chetu, tupende tusipende, kinapita karibu na mlango wa mtu.

Kwa asiyemjua, msukule ni mtu aliyekufa bila kufa. Ndugu wamelia, wamezika, wamemaliza matanga, kumbe walichozika ni mgomba. Mwenyewe amechukuliwa na wachawi. Amekatwa ulimi ili asiseme, anakula pumba, anakaa darini au uvunguni mchana kutwa, na usiku anatolewa kwenda kulima shamba la bwana wake. Mjini, ambako mashamba hakuna, husemwa kwamba analinda duka na kuvuta wateja. Hali nyama ya watu, wala haambukizi mtu kwa kumng'ata. Anachofanya ni kazi tu, bila mshahara na bila mwisho.

Zombi wa dunia naye alianza hivyo hivyo. Asili yake ni Haiti, nchi ya visiwa vya Karibi ambako Waafrika walivushwa bahari kwenda kulima miwa ya Wafaransa. Mtumwa wa huko alikuwa na tumaini moja, kwamba siku akifa atapumzika. Hofu ya zombi ni hofu ya kunyang'anywa hata hilo: ufe, kisha uamshwe urudi shambani. Filamu ndefu ya kwanza ya zombi, White Zombie ya mwaka 1932, bado inakumbuka jambo hilo. Ndani yake wafu wanazungusha mtambo wa kusaga miwa, na mmoja wao anapoanguka ndani ya mashine wenzake wanaendelea kuzungusha kana kwamba halikutokea lolote.

Aliyebadilisha mambo ni George Romero, Mmarekani aliyetoa Night of the Living Dead mwaka 1968 kwa bajeti ya dola zipatazo 114,000, fedha kidogo hata kwa wakati ule. Wafu wake hawafanyi kazi ya mtu yeyote. Wanakuja kula. Filamu hiyo ilipobadilishwa jina kabla ya kutoka, tangazo la hakimiliki likasahauliwa kuwekwa, ikawa mali ya umma, na kila mwenye deki duniani akaweza kuinakili bila kuogopa. Tangu hapo zombi wa sinema amekuwa mlaji. Wa kwetu amebaki mfanyakazi. Nitarudi kwenye tofauti hiyo, kwa sababu naona ndiyo inayoamua kama kicheko chetu kina haki.

Filamu zetu zina anwani, na anwani hiyo ni Kariakoo. Mwaka 2003 ilitoka Girlfriend ya George Tyson, ambayo wengi huihesabu kuwa iliyofungua mlango wa kile tunachokiita Bongo Movie. Miaka hiyo hiyo Mussa Banzi akaja na za kutisha, Nsyuka na baadaye Shumileta. Nsyuka ni neno la Kinyakyusa linalowahusu wafu, na jina hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wa Mbeya wakae vizuri kwenye viti vyao. Hizi hazikuwa filamu za kwenda Avalon au Empire kuzitazama, maana zama za majumba ya sinema ya katikati ya jiji zilikuwa zimeshapita. Zilirekodiwa kwa kamera za video, zikauzwa kwa kanda na baadaye kwa diski. Wasambazaji walikuwa Kariakoo, na kutoka Kariakoo boksi la diski lilipakiwa kwenye basi pamoja na vitenge na vipuri vya baiskeli, likafika Mwanza, Kigoma na Songea.

Wengi wetu hatukuzinunua. Tulizitazama kwenye vibanda umiza. Jina linajieleza: chumba cha mabati au maturubai, mabenchi yasiyo na mahali pa kuegemea, runinga moja juu ya meza, joto la watu 60 mahali pa watu 20. Unalipa sarafu chache mlangoni na unatoka na maumivu ya mgongo. Lakini kibanda umiza ni mahali pa kelele. Hakuna anayenyamaza. Stelingi akikosea njia anaelekezwa, adui akijificha anatajwa, na msukule akitokea kuna mtu nyuma atamuuliza kwa sauti ni saa ngapi. Tulizoea hivyo hata kwa filamu za nje, maana zilitufikia zikiwa na sauti ya mtu juu yake. Lufufu, mtafsiri aliyejulikana Dar es Salaam nzima, hakuwa akitafsiri maneno tu. Alikuwa akitoa maoni, akimpa mhusika wa Hong Kong tabia za mtu wa Manzese, akitutania sisi watazamaji. Waganda wana wa kwao wanaowaita VJ. Filamu ya Who Killed Captain Alex? iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Isaac Nabwana mwaka 2010, imependwa hadi Ulaya na Marekani, na sehemu kubwa ya utamu wake ni VJ Emmie anayeisimulia na kuicheka filamu hiyo hiyo wakati inaendelea. Nabwana amekuwa akisema iligharimu dola 200 au pungufu.

Sasa, kwa nini tunazipenda? Jibu la haraka ni kwamba tunapenda kuona watu wakiboronga. Silikubali. Kuna vitu vingi vibovu ambavyo hatuvitazami hata bure. Hotuba mbovu hazijazi kibanda. Nadhani tunachopenda ni kumwona aliyetengeneza. Kwenye filamu ya Hollywood yenye bajeti ya mabilioni, zombi anafika akiwa amekamilika, na huwezi kusema ametengenezwa na nani wala vipi. Kwenye ya kwetu, hofu inakuja ikiwa imeshikwa mkono na mtu aliyeitengeneza. Unauona unga. Unajua damu ile ni juisi ya rozela, kwa sababu shangazi yako anaiuza. Unaona kivuli cha kamera ukutani. Kijana anayetoa mlio wa kaburi kufunguka anasikika akikohoa.

Wajapani walitengeneza filamu nzima juu ya jambo hili. One Cut of the Dead ya Shinichiro Ueda, ya mwaka 2017, iligharimu kiasi cha yen milioni tatu na ikaingiza zaidi ya yen bilioni tatu. Inaanza kama filamu mbovu ya zombi, yenye vituko visivyoeleweka: mtu ananyamaza ghafla, kamera inaanguka chini, maongezi yanarefushwa bila sababu. Kisha inarudi nyuma na kukuonyesha watu waliokuwa upande wa pili wa kamera, mmoja amelewa, mwingine anaharisha, wote wakihangaika filamu isikatike. Kila kitu ulichokicheka mwanzoni unakicheka tena, lakini mara ya pili unawapenda. Sisi wa kibanda umiza hatukuhitaji hiyo sehemu ya pili. Filamu zetu zilikuja zikiwa zimegeuzwa ndani nje tangu mwanzo.

Na hapa ndipo nilipodhani kwa muda mrefu kwamba jibu la swali langu ni rahisi. Hofu ya uchawi ina nguvu kwa sababu haina mtengenezaji anayeonekana. Uvumi hauna mwandishi. Ramli inatoka kinywani mwa mganga, lakini mganga anasema si yeye, ni mizimu. Filamu ya bei nafuu inafanya kinyume: inakuonyesha kwamba jambo la kutisha linatengenezwa na watu, kwa unga na rozela, kwenye uwanja wa mtu. Ukishamwona mtengenezaji unaweza kubishana naye, na ukishaweza kubishana na hofu hukosi usingizi kwa ajili yake. Kwa hiyo tucheke, kicheko ni elimu.

Lakini nimeishi Kariakoo, na yaliyotokea mtaani hayakukubaliana na nadharia hiyo. Kwa miaka michache nilipanga chumba upande wa Gerezani, kwenye moja ya zile nyumba za Kiswahili zenye korido katikati na choo uani, kabla haijavunjwa kupisha ghorofa. Jirani yetu alikuwa mama mtu mzima aliyeuza uji na vitumbua alfajiri kwa vijana wa mikokoteni na makuli wa sokoni. Vitumbua vyake vilikuwa vizuri na aliamka mapema kuliko wenzake, kwa hiyo aliuza kuliko wenzake. Likaanza neno la chuma ulete. Kwa wasiojua, chuma ulete ni ile imani kwamba mtu akikulipa noti yake, noti hiyo inaondoka na za kwako zote usiku. Kariakoo wafanyabiashara wazima wenye maduka matatu wanaiogopa kuliko TRA. Baada ya chuma ulete likaja la pili: kwamba mama yule hatwangi mchele wake mwenyewe, ana msukule anamtwangia.

Vijana walioeneza maneno hayo nawajua. Tulikaa nao benchi moja kwenye kibanda. Mmoja wao ndiye alikuwa fundi wa kuwauliza misukule saa. Alicheka Jumamosi usiku, na Jumatatu alfajiri akavuka barabara asipite mbele ya jiko la mama yule. Siku moja tuliamka tukakuta meza yake imemwagiwa oili chafu. Mama hakugombana na mtu. Alifua kitambaa cha meza, akauza wiki mbili zaidi, kisha akahamia Mkuranga kwa mwanawe.

Aliondoka mzima, na hilo si jambo dogo. Kanda ya Ziwa, vikongwe wamekuwa wakiuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, wakati wekundu huo umetokana na moshi wa kupikia miaka 50. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa maneno ya waganga, mpaka Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Sheria ya Uchawi tuliyorithi kwa Mwingereza, ya mwaka 1928, inamtia hatiani anayejidai kuwa na uchawi na pia anayemtaja mwenzake mtaani kuwa ni mchawi. Imekaa vitabuni karibu miaka 100. Meza za uji zinaendelea kumwagiwa oili.

Kwa nini kicheko cha Jumamosi hakikufika Jumatatu? Nimezitazama tena filamu hizi nikiwa na swali hilo, na nadhani jibu liko kwenye namna zinavyoisha. Tunacheka katikati, msukule anapotembea. Mwishoni hatucheki. Mwishoni anakuja mganga au mchungaji, muziki unapanda, na mchawi anafichuliwa. Karibu kila mara ni bibi. Anaanguka, anapiga kelele, anakiri, na wanakijiji wanamzunguka. Kibanda kizima kinashangilia kama Simba au Yanga imefunga. Yaani mtengenezaji ametuachia tumcheke msukule kadiri tutakavyo, kisha akatupitishia tuhuma nzima bila kuguswa. Tumekagua saa ya maiti, lakini hatukukagua hukumu ya bibi.

Kwa hiyo kuna kicheko cha aina mbili, na mpaka tuvitenganishe swali halitajibika. Mwanafalsafa wa Ufaransa, Henri Bergson, aliandika mwaka 1900 kwamba kinachotuchekesha ni kuuona uhai umegeuka mashine: mtu anayejikwaa kwa sababu miguu yake imeendelea kwenda wakati njia imekwisha. Kama ni hivyo, msukule ndiye kichekesho kamili, kwa sababu yeye ni mwili unaokwenda bila mwenyewe kuwemo. Lakini Bergson aliongeza jambo lingine, kwamba ili ucheke ni lazima moyo wako ufe ganzi kidogo, kwa muda tu. Ukimwonea mtu huruma kamili huwezi kumcheka. Nikisoma hapo namwona yule kijana wa benchi la pili. Ganzi yake ilimruhusu kumcheka msukule, na ganzi hiyo hiyo ilimruhusu kumkimbia mama wa vitumbua. Kwa Bergson kicheko na huruma haviwezi kukaa chumba kimoja.

Sisi tunajua kwamba vinaweza, kwa sababu tuna watani. Nenda kwenye msiba wenye watani halisi, Mzaramo kwa Mnyamwezi, au Mhehe kwa Mngoni, uone. Mtani anafika watu wakilia, yeye anavaa kanzu ya marehemu na kuiga mwendo wake wa kuchechemea. Anamdai maiti madeni ya bia. Anaingia kaburini na kulala, anasema hatoki mpaka alipwe. Anazuia jeneza njiani. Mjane aliyekuwa hajanywa hata maji tangu jana anajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Mgeni asiyejua mila angedhani ni utovu wa adabu wa kutisha. Wenyewe wanajua kwamba msiba usio na mtani umepooza.

Lakini tazama na upande wa pili wa mkataba. Mtani huyo huyo ndiye aliyefika mapema kuchimba kaburi. Katika sehemu nyingi ndiye hushika kazi ambazo wafiwa hawaziwezi: kuosha, kubeba, kufukia, kupika. Hachekeshi akiwa pembeni. Anachekesha akiwa na udongo kwenye kucha. Na anamtania anayemjua, kwa jina lake, mbele ya watu wake, akijua kwamba siku yake ikifika nao watakuja kulala kwenye kaburi lake. Wengi wa watani hawa ni wajukuu wa watu waliopigana vita. Wahehe na Wangoni waliuana karne ya 19, kisha wakageuza uadui ule kuwa haki ya kutukanana na wajibu wa kuzikana. Haki na wajibu vilikuja pamoja. Ukiuchukua mmoja ukaacha mwingine, unabaki na dhihaka.

Hicho ndicho kipimo ninachokitafuta. Swali si kama tucheke au tusicheke wafu. Wazee walishalijibu hilo, wakasema tucheke. Swali ni kama mchekaji amebeba kitu. Tukimcheka msukule kama watani, basi tunadaiwa. Tunadaiwa nini?

Deni la kwanza ni kwa anayecheza. Kijana mmoja ninayemfahamu amekuwa msukule kwenye filamu tatu. Malipo yake kila mara yalikuwa nauli, soda na sahani ya wali, na ahadi ya kuonana filamu ikitoka. Filamu zilitoka, hawakuonana. Aliniambia bila uchungu, "Kaka, mle ndani ni mimi peke yangu sikuwa naigiza." Aliyemfanyisha kazi naye ana hadithi yake: diski yake ilichomwa nakala kabla wino wa jalada haujakauka, ikauzwa barabarani kwa bei ya pakiti ya karanga, na siku hizi inarushwa kwenye flashi pamoja na nyingine 30. Aprili 2017 waigizaji waliingia mitaa ya Kariakoo kuandamana, wakilalamikia filamu za nje zinazouzwa humo bila kulipiwa kodi. Walilenga za nje, lakini tatizo lao lilikuwa la mtu yeyote anayefanya kazi usiku na mchana halafu mavuno yanakwenda kwa mwingine. Kwa maneno mengine, lilikuwa tatizo la msukule.

Kariakoo ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, kwa sababu jina lake ni jina la wabebaji. Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na eneo walilowaweka hapa Dar es Salaam likabaki na jina hilo kama ndimi zetu zilivyolitamka. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika kampeni ya Afrika Mashariki, wengi zaidi kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Wengi hawakuandikwa majina na hawana makaburi yanayojulikana. Tembea dakika chache hadi lilipo Sanamu la Askari, lililosimikwa mwaka 1927: aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwa maneno tu kwenye kibao. Ndugu zao hawakupata hata mgomba wa kuzika. Kila asubuhi mamia ya vijana wanasukuma mikokoteni kwenye mitaa yenye jina la watu hao, wakipiga kelele za "Oya, pisha!", na wengi wetu tunapisha bila kuangalia uso. Sidhani ni bahati mbaya kwamba hofu ya msukule imekita mizizi hasa mahali hapa. Ni hofu ya watu wanaojua kwamba mtu anaweza kufanyishwa kazi mpaka jina lake lipotee.

Ndiyo maana nilisema tofauti kati ya zombi mlaji na msukule mfanyakazi ina uzito. Zombi wa Romero unaweza kumcheka na kumpiga risasi ya kichwa, kwa sababu anataka kukula. Msukule hajakukosea chochote. Ni mtu wa watu, aliyeibiwa. Ukimcheka bila kumwonea huruma umemcheka kuli, umemcheka mdada wa kazi za ndani anayelala saa sita na kuamka saa kumi, umemcheka babu yako aliyebeba mizigo ya Mwingereza. Ukimcheka kama mtani, unamcheka huku unajua kwamba ulimi aliokatwa ungeweza kuwa wako.

Deni la pili ni kwa mama wa vitumbua. Hili ni gumu zaidi kwa sababu halilipwi kwa fedha. Linalipwa kwa kuendelea kucheka mahali ambapo filamu inatutaka tuache. Sisi ni mafundi wa kukagua. Tunaona saa, tunaona kandambili, tunaona kuku. Basi ikifika ile dakika ya mwisho, muziki ukipanda na mganga akinyoosha usinga kumwelekezea mchawi, tuendelee kukagua. Tukague ushahidi: nani alimwona, lini, na aliyemtaja anadaiwa na nani. Tuulize kwa sauti, kutoka benchi la nyuma, kama tulivyozoea, kwa nini kila mara mwenye hatia ni yule asiye na mume, asiye na mtoto karibu, na mwenye biashara inayokwenda. Kibanda umiza kimetufundisha kubishana na skrini. Ustadi huo ukiishia kwenye mavazi ya maiti, ni ustadi mdogo sana.

Watengenezaji nao wana sehemu yao, na wale vijana wanaorekodi kwa simu na kuweka vipande vyao vya misukule mtandaoni wana nafasi kubwa kuliko waliowatangulia. Hawana boksi la kupeleka Kariakoo, wala msambazaji wa kuwalazimisha wamalizie kwa bibi kuanguka. Bajeti ndogo haimlazimishi mtu kuwa na mwisho ule ule. Unga ni ule ule, rozela ni ile ile, lakini mganga anaweza kuwa ndiye anayefichuliwa, au msukule anaweza kurudi nyumbani na kukuta ndugu zake wamegawana vyombo vyake na hawafurahii sana kumwona. Mtu akiitengeneza hiyo nitalipa.

Mpaka hapo, tuanze na tulizonazo. Mwangalie vizuri bibi mchawi wa filamu utakayoitazama wiki hii. Nywele zake nyeupe ni unga, ule ule alioupaka msukule. Mgongo ameukunja, lakini magoti ni ya msichana wa miaka 22. Pembeni ya shingo, pale kitambaa kilipoteleza, unaonekana mkufu wake wa mjini. Amekaa juani tangu asubuhi akingoja zamu yake ya kuanguka na kukiri, na jioni atanawa uso kwenye ndoo, atapanda daladala la Mbagala na kurudi kwao. Mcheke huyo pia, tena kwa sauti. Wa mtaani kwako, mwenye meza ya uji, nenda ukanunue vitumbua.